Acha Nafasi ya Kujalidi: Pambizo za Vitabu vya Kikundi

(Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, Mwembe Tayari, Mombasa)

Najua wengine mmevuka feri ya Likoni tangu alfajiri, na wengine mmetoka Rabai na Mariakani. Sitawachosha.

Mliokuja kwa Barabara ya Jomo Kenyatta mmepita zile sanamu za askari hapa Mwembe Tayari. Ni ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Tazameni vizuri mtakaporudi: sanamu zipo, lakini majina yao mmoja mmoja hayapo. Jina lisipohifadhiwa hupotea. Na sisi katika vikundi vyetu tunashika majina ya watu na pesa zao. Kwa hiyo leo nataka kusema juu ya jambo dogo, dogo kama upana wa kidole: nafasi tupu inayoachwa pembeni mwa karatasi. Inaitwa pambizo.

Mtaniuliza, "Mwalimu, hata nafasi tupu nayo inataka semina?" Ngojeni niwaambie yaliyonipata.

Miaka ya nyuma nilikuwa katibu wa kikundi cha akiba. Mwisho wa mwaka nilipiga chapa hesabu za wanachama kwa kompyuta: jina kushoto, michango katikati, jumla ya akiba kulia kabisa. Jedwali lilikuwa pana, nikalivuta hadi karibu na ukingo wa karatasi. Kisha, ili kuokoa karatasi, nikachapisha pande zote mbili. Nikapeleka dukani ikabaindiwe kwa spairo. Kitabu kikatoka kizuri, kina jalada la plastiki, nikajiona fundi.

Siku ya mgao, mama mmoja akaomba kuonyeshwa akiba yake. Jina lake lilikuwa ukurasa wa nyuma. Kumbe mashine ya kutoboa ilikuwa imepita juu ya tarakimu! Alikuwa na shilingi 14,500. Kitabuni ilisomeka 14, halafu tundu. Aliyefuata naye tundu. Watu wakaanza kunong'ona: ati mweka hazina ametoboa makusudi. Faili ya kwenye kompyuta nilikuwa nimeshaifuta. Tulirudi kwenye risiti moja moja, majuma matatu. Pesa zote zilipatikana, hata senti haikupotea. Lakini mweka hazina wetu alijiuzulu kwa uchungu, na hakurudi tena. Hakuiba yeye. Niliyekosea ni mimi, kwa sababu ya pambizo.

Sasa tuone kosa lilikuwa wapi. Hebu kila mmoja achukue karatasi moja. Andika herufi M, ya mgongo, kwenye ukingo wa kushoto. Hapo ndipo kitabu kitakapobanwa. Sasa igeuze karatasi kama unavyofungua kitabu. Ule ukingo wenye M uko upande gani? Uko kulia! Ndiyo maana. Ukurasa wa mbele hubanwa kushoto, na ukurasa wa nyuma hubanwa kulia. Mimi niliwaza kurasa za mbele tu, na zile za nyuma zikaliwa upande wa pesa.

Akina mama mnalijua jambo hili kuliko mimi. Leso ina mji wake katikati na pindo lake pembeni. Na ukikata doti kuwa vipande viwili, fundi lazima abakishe kitambaa cha kukunja, la sivyo mshono utakula ua. Karatasi ni vivyo hivyo. Maandishi ni mji, pambizo ni pindo, na upande wa kujalidi huongezewa kitambaa cha mshono. Hata wanakili wa misahafu wa Siyu, kule Lamu, hawakujaza ukurasa hadi ukingoni. Waliacha pambizo pana.

Kabla ya kuandika neno la kwanza, katibu ajiulize maswali mawili. La kwanza: kitabu hiki kitabanwa kwa njia gani? La pili: kitachapishwa upande mmoja au pande mbili?

Tuanze na njia ya kubana. Karatasi yetu ya kawaida, A4, ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Ukitoboa kwa mashine ya faili, ile ya matundu mawili, kitovu cha tundu kiko milimita 12 kutoka ukingoni, na tundu lenyewe lina upana wa milimita 6. Maana yake tundu linafika milimita 15 ndani ya karatasi. Spairo ya plastiki hula kama sentimita moja hivi, lakini kitabu chake hufunguka kikalala. Kitabu kilichopigwa stepla kandokando au kubandikwa gundi mgongoni hakilali. Maneno ya karibu na mgongo hujificha shimoni, na ukitaka kukitoa fotokopi, herufi za mwanzo hutoka nyeusi. Hicho kinahitaji nafasi zaidi kuliko spairo.

Kipimo ninachotumia mimi ni hiki: kwa spairo, sentimita 3.5 upande wa mgongo. Kwa faili, stepla au gundi, sentimita 4. Upande wa pili, sentimita 2 zatosha. Ukiacha 3.5 na 2, unabakiwa na 15.5 za kuandikia. Si haba.

Sasa tuingie kwenye kompyuta. Nitataja maneno ya Kiingereza kama yalivyo kwenye kioo, ili mkiyaona myatambue.

1. Katika programu ya Word, fungua "Layout", kisha "Margins", kisha mstari wa mwisho kabisa, "Custom Margins". Hakikisha kwanza karatasi iliyochaguliwa ni A4. Kompyuta nyingi huja na karatasi ya Kimarekani, "Letter", ambayo ni pana kidogo na fupi zaidi.

2. Kama unachapisha upande mmoja tu, tafuta neno "Gutter". Hiyo ndiyo nafasi ya mshono. Kompyuta huiongeza juu ya pambizo ya kawaida. Pambizo ya kushoto ikiwa 2.5, na hapo ukaandika 1, unapata 3.5. Kompyuta ikikuonyesha inchi, usibabaike: andika "1 cm" na itaelewa.

3. Kama unachapisha pande mbili, tafuta "Multiple pages", uchague "Mirror margins". Utaona maneno ya kushoto na kulia yamebadilika yakawa "Inside" na "Outside", yaani ndani na nje. Ndani ni kwenye mgongo. Weka 3.5 ndani na 2 nje, na "Gutter" uiache sifuri. Tangu hapo kompyuta yenyewe itageuza kurasa za nyuma.

4. Wanaotumia LibreOffice, ambayo ni ya bure, waende "Format", kisha "Page Style", wachague "Mirrored". Programu hiyo ilipata sehemu ya "Gutter" katika toleo la 7.2 la mwaka 2021. Mwenye toleo la zamani aongeze tu pambizo ya ndani.

5. Ndugu zetu wa madrasa wanaoandika kwa hati ya Kiarabu wakumbuke: kitabu chao hujalidiwa upande wa kulia. Basi nafasi ya mshono iwe kulia.

Fanyeni haya mwanzo, si mwisho. Ukibadilisha pambizo baada ya kuandika kurasa 30, maneno yatasogea, kurasa zitaongezeka, na yaliyomo yatasema "ukurasa wa 12" kumbe mambo yako 14. Majedwali nayo hayasogei kila mara. Yakague moja moja.

Ukienda kuchapisha dukani, usibebe faili ya Word peke yake. Ihifadhi pia kama PDF, maana kompyuta ya duka yaweza kukosa aina ya herufi zako ikakuvurugia mpango wote. Mwambie kijana wa duka achapishe kwa ukubwa halisi, asipunguze. Kama ni pande mbili, karatasi igeuzwe kwa upande mrefu. Kwanza toa karatasi mbili tu za majaribio. Pima kwa rula, inua kwenye mwanga, ushikilie pale kwenye mgongo uone kama kuna neno linaloliwa. Shilingi chache za majaribio ni nafuu kuliko kitabu kizima.

Je, kama kitabu kimeshachapwa na nafasi haitoshi, na faili imepotea? Msitoboe! Kuna dawa mbili. Ya kwanza, mweke karatasi ndani ya bahasha za plastiki zenye matundu yake zenyewe. Ya pili, mtoe fotokopi kwa asilimia 90. Karatasi ya sentimita 21 itakuwa 18.9, na zile 2.1 zilizobaki msogeze zote upande wa mgongo. Kurasa za nyuma msisahau kuzisogeza kinyume.

Ndugu zangu, kuna anayesema haya ni mambo ya wasomi. Hapana. Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, serikali inataka kuona katiba yetu, muhtasari wa mkutano na majina ya wanachama. Benki nayo inataka. Na anayetaka kuliko wote ni yule mama aliyeweka shilingi mia kila Jumatano, akauza mchicha ili aziweke. Yeye hajui "Gutter" ni nini, na hana haja ya kujua. Anachotaka ni kufungua kitabu aione hesabu yake nzima, tangu tarakimu ya kwanza hadi ya mwisho. Hiyo ni haki yake, na kidole kimoja cha karatasi tupu ndicho kinachoilinda.



Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Fungueni vitabu vyenu vya sasa. Je, kuna jina au tarakimu iliyoliwa na tundu au mgongo?

2. Ni nani anayeweka nakala ya faili za kompyuta, na nakala ya pili iko wapi?

3. Kabla ya kupeleka kitabu kubaindiwa, ni mtu gani wa pili, asiye katibu, atakayekikagua?

4. Likitokea kosa la maandishi, kikundi kitafanya nini kwanza kabla ya kumshuku mtu?