Msaidizi wa Karakana si Kibarua Tu



Ipo desturi ya kumtazama kijana anayepaka wino na kusafisha vifaa katika karakana ya uchapaji wa picha kama kibarua tu. Desturi hiyo ina makosa, na historia ya karakana moja ya Afrika Kusini yatosha kuyaonyesha.

Kwanza yafaa kazi yenyewe ifahamike. Katika uchapaji wa linoleamu, yaani lile tandiko gumu la sakafuni, msanii huchonga na kuondoa sehemu zitakazobaki nyeupe. Wino hupakwa kwa rola juu ya sehemu zilizosalia, karatasi ikalazwa juu yake na kukandamizwa. Kila kitu hutokea kinyume: mkono wa kulia huwa wa kushoto, na maneno sharti yachongwe yakiwa yamegeuzwa. Wino ukizidi, mistari myembamba huzibika. Ukipungua, weusi huparara. Aliyeshika rola kwa nakala hamsini huyajua hayo kwa viganja vyake. Tena huziona nakala za kwanza zilizoharibika, ambazo wageni wa maonyesho hawaonyeshwi kamwe. Hilo ndilo somo kubwa kuliko yote.

Karakana inayozungumzwa ilianzishwa chini ya Kanisa la Kilutheri mwaka 1962 huko Umpumulo, Natal, na wasanii wawili wa Sweden, Peder na Ulla Gowenius. Mwaka 1963 ikahamia Rorke's Drift. Wakati huo makaburu walikuwa wamewafungia vijana Weusi karibu milango yote ya elimu ya sanaa. Wala shabaha ya mwanzo haikuwa kutoa wasanii mashuhuri. Ilikuwa kuwaandaa wasaidizi wa kuwafundisha wagonjwa kazi za mikono hospitalini! Azaria Mbatha mwenyewe aliianza linoleamu akiwa mgonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya Ceza. Alikwenda kusoma Sweden, akarudi Rorke's Drift kufundisha, kisha mwaka 1969 akahamia Sweden moja kwa moja.

John Muafangejo alifika hapo akitoka Namibia, akasoma mwaka 1968 na 1969. Hakubaki kuwa msanii wa peke yake. Alirudi kaskazini mwa nchi yake kufundisha sanaa katika misheni ya Odibo, huku picha zake nyeusi na nyeupe zikisimulia habari za watu wake. Alifariki mwaka 1987, miaka mitatu kabla ya uhuru wa Namibia. Charles Nkosi, mwanafunzi mwingine wa Rorke's Drift, alifundisha miaka mingi katika kituo cha Funda, Soweto. Naye Lionel Davis, aliyefungwa miaka saba Robben Island, alipita hapo kabla ya kufanya kazi Cape Town katika Community Arts Project, ambako mabango ya mapambano yalichapwa.

Shule hiyo ya sanaa ilifungwa mwaka 1982. Mtu wa hesabu akifungua madaftari ya karakana kama ile ataona gharama ya wino, karatasi na posho ya wasaidizi. Odibo na Soweto hataziona humo.

Hata hivyo, si kila usaidizi ni malezi. Kijana anayefagia na kuosha rola miaka mitano bila kupewa kipande chake achonge, wala kuruhusiwa kutia sahihi kazi yake, halelewi, ananyonywa. Kiongozi wa karakana hana budi kupanga saa ambazo vifaa ni vya wasaidizi, na saa hizo ziheshimiwe hata kazi za wateja zikiwa nyingi.

Wala mwalimu asingojee mashine iagizwe kutoka ng'ambo. Kipande cha linoleamu, kisu kikali, wino na mgongo wa kijiko cha mti wa kusugulia karatasi vinatosha kuchapa picha darasani. Mwanafunzi mmoja achonge, wa pili apake wino, wa tatu asugue. Juma linalofuata wabadilishane.