Pikipiki Ikianguka, Iache Ianguke
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Baraka)



Viongozi waliniomba niseme juu ya usalama. Najua, huku kwetu Fizi mtu akisikia neno hilo anawaza bunduki na barabara iliyofungwa. Leo siyo hayo. Nitasema juu ya kupandisha pikipiki kwenye pikapu. Naona wengine wameanza kucheka. Sawa, chekeni kwanza. Na mimi nilikuwa nacheka, mpaka ile siku.

Ile siku tulikuwa tunatoka hapa Baraka, tupande mpaka Fizi-centre, halafu tuteremke Lulimba. Tulikuwa na pikipiki mpya ya kazi ya mashamba. Saa nane ilikuwa imeshapita, na kanuni ya kazi yetu inataka gari lifike kabla ya giza. Mbao ya kupandishia ilikuwa moja tu, fupi, tena imelowa mvua. Kiongozi wa safari nilikuwa mimi. Niliwaita vijana watatu waliokaa pembeni ya barabara, nikawaambia: "Wandugu, mtusaidie kidogo, tutawapa ya soda." Wakaja kwa moyo mzuri.

Mwenzetu mmoja akawasha injini ili isaidie kupanda. Gurudumu la mbele likaingia vizuri. Gurudumu la nyuma lilipokanyaga mbao, badala ya kupanda likaitupa mbao nyuma, maana hatukuifunga na chochote. Pikipiki ikarudi. Vijana wawili waliruka. Wa tatu alikuwa nyuma kabisa, akataka kuizuia isiharibike. Ilimwangukia, ikamvunja mguu chini ya goti.

Pikipiki yenyewe ilipasuka kioo kimoja tu. Yule kijana ni mkulima, na ulikuwa wakati wa kupanda. Mke wake alilima peke yake. Tulichanga pesa za matibabu, na baadhi yenu hapa mlichanga pia, Mungu awabariki. Lakini nilipokwenda kumsalimia, mama yake aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ile siku huyu alikuwa mfanyakazi wa nani?" Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu nimesimama hapa leo.

Tuanze na uzito. Pikipiki nyingi za kazi tunazoziona barabara za huku zina kilo 100 mpaka 130. Tuseme yako ina kilo 120, na sakafu ya pikapu iko sentimita 80 juu ya ardhi. Ukitumia mbao ya mita 2, nguvu ya kuisukuma ipande ni kama kunyanyua kilo 48. Mbao ikiwa ya mita 3, inakuwa kama kilo 32. Pikipiki ni ile ile na vijana ni wale wale. Mita moja ya mbao imewapunguzia kilo 16.

Na kama hakuna mbao ndefu, tafuta ukingo wa barabara. Wazee wanajua jambo hili, ndivyo wanavyopakia hata ng'ombe. Dereva arudishe pikapu mpaka sehemu yake ya nyuma ikaribie ukingo, magurudumu yakae kwenye bonde, na udongo wa juu ulingane na sakafu ya gari. Hapo mbao inakuwa daraja fupi tu. Kutoka hapa mpaka Fizi-centre barabara inapanda mlima, kingo za namna hiyo ziko nyingi. Ile siku tulipita kadhaa baada ya ajali, na kila moja iliniumiza roho.

Sasa utaratibu. Kwanza, gari lisimame palipo sawa, breki ya mkono ivutwe, na jiwe liwekwe kwenye gurudumu. Pili, mbao ifungwe kwenye gari kwa kamba au mnyororo, isiweze kurudi nyuma. Mbao ziwe mbili: moja ya pikipiki, nyingine ya mtu anayeshika usukani, kwa sababu asipokuwa na pa kukanyaga atajikuta ananing'inia. Tatu, injini izimwe. Msiipandishe kwa moto wa injini, na mtu asiipande akaiendesha juu ya mbao, hata kama ni fundi wa kujisifu. Ingiza gia ya kwanza, shika klachi, sukumeni. Mkichoka au mkiteleza, achia klachi: gurudumu la nyuma linajifunga, na pikipiki hairudi kwa kasi. Breki ya mbele peke yake haitoshi, maana kwenye mteremko uzito mwingi umehamia nyuma.

Nne, watu watatu: mmoja kwenye usukani, wawili wanasukuma kwa pembeni, huku na huku. Nyuma yake, kwenye njia itakayopita ikirudi, asisimame mtu. Mama akiwa na mtoto, amsogeze mbali. Na mmoja tu ndiye atoe amri. Watu watano wakipiga kelele "sukuma!" na "simama!" kwa pamoja, hakuna anayesikia.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: pikipiki ikianza kuanguka, iachieni. Nasema tena, iachieni. Najua ni vigumu. Sisi tuliorudi tunajua uchungu wa kupoteza kitu. Wengi wetu tulikimbilia ng'ambo ya ziwa, tukakaa Lugufu na Nyarugusu, na tangu mwaka 2005 watu wakaanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka, kila mmoja ameshika mzigo wake kama roho yake. Mikono yetu imezoea kutoachia. Lakini kioo kinauzwa sokoni. Mguu hauuzwi.

Ikishapanda, ifungwe. Gurudumu la mbele liguse ukuta wa mbele wa bodi. Kamba mbili zishike usukani, moja kulia, moja kushoto, zivutwe chini na mbele mpaka springi zibonyee kidogo. Kamba nyingine mbili zishike nyuma. Mpira wa tyubu msiutegemee peke yake: unavutika, na kwenye mashimo pikipiki itaanza kucheza. Msiiache isimame kwa stendi ya pembeni mkidhani imetulia. Baada ya kilomita chache simameni, kazeni kamba upya.

Mafuta nayo. Fungeni bomba la mafuta, na angalieni kama kuna tone linaloanguka. Hatujasahau Sange, hapa hapa Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010: lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, moto ukawaka, wakafa zaidi ya watu 200. Pikipiki moja haina mafuta ya lori, lakini cheche ni ile ile. Asivute mtu sigara pale tunapopakia. Na nyuma ya pikapu yenye pikipiki asipande abiria. Najua tunaombwa lifti na ndugu, na kukataa kunaonekana kama kiburi. Lakini kamba ikikatika kwenye mteremko, anayekaa pale hana pa kukimbilia.

Kushusha kunataka uangalifu ule ule, na mimi nasema zaidi, kwa sababu watu wamechoka na wamefika nyumbani. Mbao ifungwe vilevile, injini izimwe, gia ya kwanza, klachi iachiwe kidogo kidogo ishuke taratibu.

Ndugu marafiki wa mbali, sasa nasema na ninyi. Mnapotupatia pikipiki tunashukuru sana, kwani inamfikisha mgonjwa na inafikisha mbegu. Lakini kwenye orodha naona pikipiki, naona kofia, sioni mbao wala kamba. Pikipiki inakuja, lakini namna ya kuipandisha tunaachiwa tuitafute barabarani. Tunaomba mbao mbili za mita 3 na kamba nne imara zihesabiwe kuwa sehemu ya pikipiki, kama vile gurudumu linavyohesabiwa.

Kwa chama chetu ninapendekeza mambo mawili. La kwanza, yeyote tunayemwita kutoka pembeni ya barabara atusaidie kupakia, jina lake liandikwe kwenye daftari kabla hajagusa kitu, na tangu hapo ahesabiwe kuwa mfanyakazi wetu wa siku hiyo. Akiumia, matibabu ni juu ya mwenye mzigo, siyo juu ya huruma ya watu. Pesa ya soda hainunui mguu wa mtu. La pili, mtu yeyote, hata kijana mdogo kabisa kati ya wanaosukuma, akisema "simama", tunasimama, hata kama bosi yuko pale na jua linazama. Ile siku kijana mmoja aliniambia, "Bosi, hii mbao inateleza." Nilimsikia. Nikajibu: "Twende, twende, tumechelewa."

Basi hatukufika Lulimba kabisa siku ile. Usiku ulitukuta hospitalini. Haraka niliyokuwa nayo haikuniokolea hata dakika moja.

Yule kijana sasa anatembea, ila milima ya huku anaipanda kwa shida. Mama yake bado tunasalimiana. Nikimwona nakumbuka swali lake, na ningependa siku moja chama hiki kimpe jibu lililoandikwa na kupigwa muhuri, siyo maneno ya kumtuliza.

 Sasa twende nje. Pikapu iko pale, mbao ndefu zipo, pikipiki ipo. Tutaipandisha pamoja, taratibu, na kila mmoja atashika klachi kwa mkono wake.