Mvua na Shamba la Nyumbani: Maneno Yaliyosemwa Mkutanoni



Sisi tukaao maofisini huhesabu tarehe. Mkulima wa Ugogo huhesabu mvua. Kwetu Dodoma mvua ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Tena katikati ya msimu huo, Januari au Februari, huweza kukatika majuma mawili au matatu. Mahindi yakutwapo na ukavu huo yakitoa mbelewele, hayana dawa tena. Lakini mtama na uwele huvumilia, hungoja mvua irudi.

Jambo hili liliwashinda hata wenye mitambo. Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga Kongwa kwa matrekta. Mvua ilipokatika, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikakwama ardhini. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa.

Nami nilikosa vivyo hivyo. Nilimpelekea mama fedha ya mbegu za mahindi, nikamwagiza auache uwele, nikiuita chakula cha kizamani. Alinitii, si kwa kuwa nilisema kweli, bali kwa kuwa fedha ilikuwa yangu. Mwaka ule alikula chakula cha kununua mpaka mavuno mengine, wala hakunilaumu.

Basi, ndugu zangu, tupelekapo fedha nyumbani, tusipeleke na amri. Tuwaulize kwanza walioko shambani: mvua ya huko yasemaje?