Hotuba juu ya Kilimo na Matumizi ya Mapichi



Katika sikukuu hii ya kutimiza miaka kumi ya Umoja wetu, nimepewa heshima ya kusema machache juu ya pichi. Sisi wa milima ya Lushoto tumelizoea tunda hili hata tumesahau kuwa ni mgeni. Asili yake ni China, ambako limelimwa kwa maelfu ya miaka. Watu wa Ulaya walilipata kwa njia ya Uajemi, wakadhani ndiko kwao.

Mpichi hutaka baridi, kwani bila baridi macho yake hayachipui vema. Ndiyo sababu hustawi huku juu, wala haufai pwani ya Tanga. Hauvumilii maji yaliyotuama. Nao huzaa katika vitawi vilivyoota mwaka uliopita. Basi asiyepogoa, hatimaye huona matunda kileleni tu. Tuache matawi makuu matatu au manne, na katikati pawe wazi jua lipate kuingia. Matunda yakiwa bado madogo, tuyapunguze, yaachane kiasi cha sentimita 15. Yaliyoanguka tuyaokote na kuyafukia chini sana, maana ndani yake mna funza wa nzi wa matunda.

Akina mama, ili kuyamenya kwa urahisi, yachovyeni katika maji yanayochemka kwa nusu dakika, kisha katika maji baridi. Ganda litavuka lenyewe. Kwa jamu, ongezeni maji ya ndimu ipate kuganda. Lakini kiini kilichomo ndani ya kokwa kina sumu, watoto wasikitafune.

Sasa nina neno la kuungama. Katika mwaka wa pili wa Umoja wetu, nilipanga mapichi mazuri juu ya tenga, na yaliyopondeka nikayaficha chini. Tenga langu lilisafirishwa pamoja na ya jirani zangu wawili. Lilipofunuliwa sokoni, uozo ulikuwa umekwisha kuenea, na mnunuzi akaikata bei ya shehena nzima. Jirani mmoja alikuwa akizitegemea fedha zile kwa ada ya shule ya mwanawe. Alikuja kwangu kulalamika juu ya mtu asiyemjua, nami nikanyamaza. Ilinichukua miezi mitatu kwenda kwake, nikamwambia ukweli na kumlipa. Alizipokea fedha, asinene neno.

Wahenga walisema, samaki mmoja akioza huoza wote. Jina la Umoja ni moja, na mnunuzi hajui lipi ni tenga la nani. Kwa hiyo naiomba Halmashauri iamuru kila tenga lifunuliwe hata chini kabla ya kupakiwa, na lianze langu.