Kadi ya Posho Iandikwe Jina la Nani?

(Mazungumzo yaliyotolewa Nengo, Gisenyi)



Mzee mmoja aliniuliza: "Nyumbani nilikuwa na shamba. Leo mke wangu ndiye anayeitwa kupokea unga. Mimi nimebaki nani?" Swali hilo si la kuchekwa.

Tutazame hapa hapa Bugoyi. Zamani, aliyefyeka msitu wa kwanza aliitwa umukonde, na ardhi ile ikawa ya ukoo wake. Aliyefika baadaye na kuomba mahali pa kulima aliitwa umugererwa, naye alilipa kwa pombe au kwa siku za kazi. Wote wawili walishika jembe, walilima udongo ule ule, lakini mmoja alikuwa mkubwa na mwingine mdogo. (Mliotoka Bushi mnaijua kalinzi, hamhitaji kuelezwa.) Ukubwa ule ulikuwa mpango wa watu, na mipango hubadilika. Ubuhake, yaani kupewa ng'ombe na kumtumikia aliyekupa, ulifutwa na Mwami Mutara Rudahigwa mwaka 1954.

Na akina mama? Katika Rwanda ilikuwa mwiko mwanamke kukama ng'ombe au kupanda juu ya paa. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wajane walipanda, wakaezeka wenyewe, na nyumba hazikuanguka. Mwaka 1999 sheria ilimpa binti haki ya kurithi sawa na ndugu yake wa kiume.

Sasa tuje kambini. Mwaka 2001 UNHCR iliahidi kwamba kila mwanamke mkimbizi ataandikishwa kwa jina lake mwenyewe, na nusu ya viti vya kamati vitakuwa vya wanawake. Hapo baba hadharauliwi. Lakini kadi ikiwa na jina la mume peke yake, naye akaenda mbali kutafuta kibarua, watoto watakula nini?

Wewe mjane ambaye kadi yako inashikwa na shemeji, njoo ofisi ya uandikishaji pamoja na watoto. Ukiogopa kuja peke yako, fuatana na mama mmoja wa kamati.

Yule mzee nilimkuta juzi bombani, akiwaamua wawili waliogombania ndoo. Shamba hana, lakini walinyamaza wakamsikiliza. Nilimwomba agombee kiti katika kamati. Amesema kwanza atazungumza na mke wake.