Mwalimu wa Jiografia na Hazina Iliyo Mlangoni Pake

Maneno yangu ya leo ni juu ya mwalimu wa jiografia: vifaa awezavyo kuvipata, na kazi ziwezazo kumfungukia yeye na wanafunzi wake. Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, nami nakaa Njiro, upande wa kusini-mashariki wa mji wa Arusha.

Kila mwaka wanachuo huniuliza maswali mawili. La kwanza ni hili: "Mwalimu, shule niendayo haina tufe wala ramani, nitafundisha kwa kitu gani?" La pili ni zito zaidi: "Serikali hutafuta kwanza walimu wa sayansi na hesabu, je, jiografia itanipatia kazi gani?" Maswali haya ni ya haki, wala hayafai kujibiwa kwa maneno ya kufariji tu. Basi nitayajibu moja moja.

Vifaa vya jiografia ni vya namna mbili: vile vinunuliwavyo, na vile vilivyokwisha kuwekwa nje ya mlango wa darasa. Tuanze na jua, maana halina bei. Msimamishe mwanafunzi uwanjani na fimbo iliyonyoka, aichomeke wima, apime kivuli chake kila siku wakati wa adhuhuri. Arusha ipo nyuzi tatu na kitu kusini ya Ikweta. Kwa hiyo jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mnamo tarehe 12 Machi na tena mwanzo wa Oktoba. Siku hizo fimbo haina kivuli ila kidogo sana. Tena mwanafunzi ataona jambo la ajabu: kivuli huwa kifupi kuliko vyote, si saa sita kamili, bali baada ya saa sita na nusu hivi katika Machi. Sababu kubwa ni kwamba saa zetu zafuata mstari wa nyuzi 45 Mashariki, upitao karibu na Mogadishu, na sisi tupo magharibi yake kwa nyuzi nane na zaidi. Na jua huchukua dakika nne kuvuka kila nyuzi moja. Hapo mtoto amejifunza latitudo, longitudo na saa za dunia kwa fimbo moja.

Baada ya jua, mvua. Chupa iliyokatwa shingo, yenye kuta zilizonyoka, pamoja na rula, yatosha kuwa kipimamvua cha kuanzia. Isomwe kila siku saa tatu asubuhi, na hesabu iandikwe katika daftari moja lisilopotea. Miaka mitano ya daftari hilo ni mali ya kijiji kizima, kwa kuwa mkulima ataweza kuuliza: "Masika ya mwaka juzi yalianza lini?" na mtoto wa shule atamjibu kwa tarehe.

Na mlima je? Sisi wa Arusha tuna Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Ukiutazama kutoka upande wa Momella, utaona kwamba ukuta wake wa mashariki haupo. Ulibomoka zamani za kale, miamba ikaporomoka kuelekea Kilimanjaro, na Maziwa ya Momella yamekaa katika mabaki ya mporomoko huo. Ndani ya bonde lake kimesimama kilima cha majivu, na mara ya mwisho mlima huu ulitoa majivu mwaka 1910. Karibu na Tengeru lipo Ziwa Duluti, lililojaa ndani ya shimo la volkano. Mambo ambayo wanafunzi wa nchi nyingine huyaona katika picha, mtoto wa Meru huyaona akienda kuchota maji.

Hata mto una somo lake. Themi hutoka mlimani, hupita katikati ya mji, na maji yake huingia Mto Kikuletwa; Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu; na kutoka hapo maji hushuka kwa jina la Pangani, yakizungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, mpaka yafike Bahari ya Hindi. Basi mwenye kutupa taka ndani ya Themi ajue kwamba ana majirani mpaka pwani.

Sisemi kwamba vitabu na ramani si kitu. Ramani za serikali za kipimo cha moja kwa elfu hamsini, ambazo sentimita mbili ni kilometa moja, ndizo shule ifanye juhudi kuzipata, hata ikiwa ni karatasi moja tu ya wilaya yake. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya shule katika maktaba yake ya intaneti, navyo husomwa bila malipo. Picha za dunia zilizopigwa na setilaiti zaonekana hata katika simu ya mkononi. Lakini picha ya setilaiti humfaa zaidi yule aliyekwisha kutembea juu ya nchi ile kwa miguu yake.

Sasa twende kwenye jambo lililo kubwa kuliko mtihani. Wasikilizaji wa Arumeru, mnajua ya kuwa watoto wetu wengi wana meno ya rangi ya kahawia. Wengine huchekwa waendapo ugenini, nao hufumba midomo yao wasionekane wakicheka. Hilo si kosa la kutopiga mswaki, wala si laana ya ukoo. Ni madini ya floraidi, yatokayo katika miamba ya volkano na kuyeyuka ndani ya maji. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu moja na nusu katika lita moja. Nazo chemchemi nyingi za pande zetu, hasa kuelekea Ngarenanyuki, zapita mpaka huo mbali sana. Yakizidi sana, huharibu hata mifupa. Kuyachemsha maji hakuondoi floraidi, bali huizidisha, kwa kuwa maji hupungua na madini hubaki. Hata magadi tutiayo katika maharage huweza kuwa na floraidi nyingi.

Lakini dawa ipo, nayo yaanza na jiografia. Chemchemi mbili zilizo jirani zaweza kutofautiana sana. Mwalimu na darasa lake waweza kuchora ramani ya kila kisima na kila mfereji wa kijiji, kisha waombe wataalamu wa maji wayapime. Hapo mama atajua maji ya kumpa mtoto mchanga ni yapi, na ya kufulia ni yapi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hayana floraidi ila kidogo mno. Na katika kituo cha Ngurdoto wataalamu wamefanya kazi ya kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa. Meno ya mtoto huharibika yangali yakikua ndani ya ufizi. Kwa hiyo kila mwaka wa kuchelewa una watoto wake.

Tena maarifa haya huokoa maisha. Tarehe 26 Desemba 2004 msichana wa Kiingereza wa miaka kumi, jina lake Tilly Smith, alikuwa pwani ya Phuket katika nchi ya Thailand. Aliona bahari ikitokota povu, akakumbuka somo la jiografia alilofundishwa wiki mbili kabla, akawaambia wazazi wake kwamba wimbi la tsunami laja. Watu kama mia moja waliondolewa ufukoni wakapona. Na karibu nasi, tarehe 3 Desemba 2023, matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang baada ya mvua kubwa, yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Hanang ni mlima wa volkano kama Meru wetu. Kila shule iliyo chini ya mlima yapasa ijue maji na matope hupita wapi, na watu wakimbilie wapi.

Nimefika kwenye swali la pili, la kazi. Ni kweli kwamba nafasi za walimu wa jiografia ni chache kuliko waombaji. Walakini ajuaye kusoma ramani, kupima na kuandika hesabu za nchi, anahitajiwa na wengi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina chuo chake Kigoma. Upimaji wa ardhi hufundishwa Morogoro, na katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Chuo cha wanyamapori kipo Mweka tangu 1963. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ipo Moshi. Hifadhi za Taifa zina makao yake Arusha. Na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori ipo hapa hapa Njiro. Nairobi kipo kituo kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya ramani za rasilimali, nacho hutoa mafunzo kwa watu wa nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam walianza, katika kazi iitwayo Ramani Huria, kuchora mitaa ipatayo mafuriko, wakishirikiana na wenyeji. Milango hiyo haifunguliwi kwa cheti peke yake. Humfungukia yule awezaye kuonyesha kazi ya mikono yake.

Mwisho, walimu tusikae kila mtu peke yake. Mwaka 1893 walimu wachache wa Uingereza walikutana Oxford, shida yao ikiwa ndogo tu: namna ya kuazimana picha za kufundishia jiografia. Kutoka hapo kilizaliwa chama kilichodumu zaidi ya miaka mia moja. Sisi nasi tuna uwezo wa kuanza na machache. Shule ya Njiro imtumie mwenzake wa Ngarenanyuki daftari la mvua, naye wa Ngarenanyuki amrudishie lake. Wakiyalinganisha, wataona wenyewe kwa nini upande mmoja wa Meru hulima migomba na upande wa pili huchunga mbuzi.

Haba na haba hujaza kibaba. Kesho asubuhi, saa tatu, chupa moja na isimame nje ya kila darasa. Ninyi wazazi, msiipige teke wala msiwaruhusu mbuzi kuinywea. Na mtoto akiwauliza maji ya nyumbani yatoka chemchemi gani, mwambieni, ili aiandike katika ramani yake.