Mali Bila Daftari: Wajibu wa Vyama vya Wananchi katika Kuzuia Rushwa

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mmekwisha kusikia taarifa ya Mwandishi na hesabu za Mtunza Hazina. Kila shilingi iliyoingia imetajwa, kila shilingi iliyotoka imetajwa, na aliyetaka kuona stakabadhi ameonyeshwa. Kabla mkutano haujafungwa, Halmashauri imependa tuseme maneno machache juu ya jambo lililo ndugu wa hesabu hizo, yaani rushwa katika mali ya umma, na kazi iwapasayo vyama vya wananchi katika kuizuia, hapa kwetu na baina ya mataifa.

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Duka lina daftari, na chama chetu kina daftari. Itakuwaje basi mali ya taifa zima iachwe bila mtu wa kuuliza? Lakini wahenga hao hao walituachia methali nyingine, Penye udhia penyeza rupia, na hiyo ndiyo iliyoshikwa na wengi zaidi. Mtu akicheleweshewa cheti hupenyeza; akizuiwa gari njiani hupenyeza. Kila mmoja hujiona ameuondoa udhia wake, kumbe amemnunulia jirani yake udhia mkubwa zaidi. Aliyepokea leo atangojea kupokea kesho, na asiye na cha kutoa atabaki nje ya mlango.

Wako wadhanio ya kwamba rushwa ni maradhi ya nchi maskini peke yake. Sivyo. Mara nyingi mtoaji hukaa nchi moja na mpokeaji hukaa nchi nyingine. Marekani iliwakataza wafanyabiashara wake kuwahonga wakubwa wa nchi za nje tangu 1977. Lakini hata katika miaka ya 1990 sheria za kodi za nchi kadha za Ulaya, Ujerumani ikiwa mojawapo, ziliiruhusu kampuni kuihesabu hongo iliyotolewa ng'ambo kuwa gharama ya biashara, ikapunguziwa kodi kwa ajili yake. Mambo yalianza kugeuka kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Paris mwezi wa Desemba 1997, yakaanza kazi mwaka 1999.

Katika wale waliozisukuma serikali hizo, wako watu waliopata fikira yao hapa hapa Kenya. Peter Eigen, Mjerumani, alikuwa mkuu wa Benki ya Dunia mjini Nairobi, akaona jinsi miradi isiyo na faida ilivyopitishwa kwa nguvu ya hongo. Alipotaka Benki ilishike jambo hilo, alijibiwa ya kwamba hiyo ni siasa, wala haiihusu Benki. Akaacha kazi, na mwaka 1993 yeye na wenzake, miongoni mwao mhasibu Mkenya Joe Githongo, wakaanzisha Transparency International, makao yake Berlin. Haikuwa na askari wala mahakama. Ilikuwa chama tu, kama sisi tulivyo chama.

Matunda ya mapigano hayo tumeyaona. Mwaka 2014 mahakama ya London iliipata na hatia kampuni ya uchapaji ya Smith & Ouzman, ya Uingereza, kwa kuwahonga wakubwa wa Kenya na Mauritania ili ipate kazi ya kuchapa, zikiwamo karatasi za kura. Katika barua zao hongo iliitwa "kuku". Kampuni ilitozwa faini, na sehemu ya fedha zilizotwaliwa ilirudishwa Kenya, ikanunuliwa magari ya kuchukulia wagonjwa. Hapo twaona ya kwamba fedha iliyotoka kwa siri yaweza kurudi hadharani, endapo kuna watu wa kuifuata katika nchi zote mbili.

Sasa natuitazame mikataba. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipitisha wake huko Maputo, mwezi wa Julai; na Umoja wa Mataifa ukaufungua wake kwa kutiwa sahihi huko Mérida, Meksiko, mwezi wa Desemba. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuutia sahihi na kuuridhia mkataba huo wa Umoja wa Mataifa, siku moja, tarehe 9 Desemba 2003. Leo mataifa zaidi ya 185 yamejiunga nao. Kifungu chake cha 13 chaitaka kila nchi iwahimize watu na vyama visivyo vya serikali kushiriki katika kuzuia rushwa, na hata vikundi vya wenyeji vimetajwa. Ndiyo kusema, wazee wetu, mkutano kama huu wa leo umetajwa katika maandiko ya mataifa.

Lakini maandiko ni maandiko. Ilipowekwa njia ya kuukagua utekelezaji, huko Doha mwaka 2009, ilikubaliwa ya kwamba nchi zitakaguana zenyewe kwa zenyewe. Lililo lazima kutangazwa ni muhtasari tu. Taarifa kamili hutolewa kwa hiari ya serikali iliyokaguliwa, na wakaguzi hukutana na vyama vya wananchi nayo ikipenda. Haki yetu imo katika mkataba, lakini haitatufuata nyumbani tukiwa tumelala.

Je, kuuliza kwa wananchi kwafaa kitu? Tutatoa mifano miwili.

Wa kwanza ni wa jirani zetu wa Uganda. Zilipochunguzwa shule 250 za msingi kwa miaka ya 1991 hadi 1995, ilionekana ya kwamba katika kila shilingi 100 zilizotolewa na Serikali kuu kwa matumizi ya shule, zilizofika shuleni, kwa wastani, zilikuwa 13 tu. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini fedha zilizopelekwa kila wilaya, na shule zikaagizwa kubandika ubaoni kiasi zilichopata. Ilipofika 2001, zilizofika zilikuwa kama 80 katika kila 100. Wataalamu wamebishana ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na magazeti, kwani Serikali ilifanya na matengenezo mengine. Hata hivyo, mwizi wa kwanza wa fedha hizo alikuwa giza, na kilichombana ni karatasi iliyobandikwa mahali ambapo mzazi aweza kuisoma.

Mfano wa pili ulianzia Rajasthan, Uhindi. Mwaka 1990 wakulima na vibarua waliunda chama kiitwacho Mazdoor Kisan Shakti Sangathan. Tangu 1994 walikusanya watu vijijini na kusoma kwa sauti orodha za mishahara ya kazi za umma, mbele ya wale wale waliotajwa kuwa wamelipwa. Kila mtu akasema kama alipokea au hakupokea. Mwaka 1996 wakaketi siku 40 katika mji wa Beawar wakidai haki ya kuona daftari. Na mwaka 2005 Uhindi nzima ikapata sheria ya haki ya habari. Elimu hiyo ilivuka bahari ya Hindi kama zilivyovuka bidhaa za kale. Chama cha MUHURI cha Mombasa kilijifunza njia hiyo, kikaitumia Changamwe kukagua fedha za maendeleo ya jimbo. Wenyeji wakasoma karatasi, wakaenda kuitazama miradi kwa macho yao, kisha wakawauliza wenye mamlaka mbele ya umati.

Haifai tuwafiche vijana ya kwamba kazi hii ina gharama. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, alizitoa habari za malipo ya Goldenberg, fedha zilizolipwa kwa dhahabu na almasi ambazo hazikusafirishwa. Alikamatwa mwaka 1993, akapoteza kazi, akafa mwaka 2006 katika ufukara. Taifa lilipata habari, naye akapata shida. Mtu mmoja huvunjika. Lakini barua yenye sahihi ya chama kizima haina mtu mmoja wa kukamatwa shingo.

Basi tuna silaha gani? Katiba ya 2010, kifungu cha 35, humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yaonyesha njia. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika husaidiwa na afisa mwenyewe. Mwombaji halazimiki kueleza sababu, wala hatozwi ada ya kuomba, ila gharama ya kunakili karatasi. Afisa hana budi kujibu katika siku 21. Asipojibu, huhesabiwa amekataa, na malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ijulikanayo na wengi kwa jina la Ombudsman. Tena chama kinachoongozwa na raia chaweza kuomba kama raia mmoja aombavyo.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta shauri hili mbele yenu. Katika mwaka huu wanachama wetu, hasa akina mama na wazee, wamekuwa wakipewa karatasi katika zahanati ya karibu ili wakanunue dawa madukani, kwa kuwa kabati ni tupu. Mmesikia katika hesabu ya leo ni mara ngapi mfuko wa wagonjwa umefunguliwa kwa ajili hiyo. Twaomba ruhusa yenu tuandike barua kuuliza mambo manne: fedha kiasi gani zilitengwa kwa dawa za zahanati hiyo, dawa gani zilipelekwa, zilifika tarehe gani, na nani alitia sahihi ya kuzipokea.

Hatusemi ya kwamba kuna aliyeiba. Huenda fedha hazikutolewa; huenda dawa zilikawia njiani; huenda wauguzi nao wanateseka kama sisi. Kumsingizia mtu ni dhuluma, na chama kisichozuia ulimi wake hupoteza heshima. Ndiyo maana tumetaka karatasi kwanza na maneno baadaye. Jibu likija, litasomwa hapa kwa sauti, liwe zuri au baya. Lisipokuja katika siku 21, Mwandishi ataandika tena, na safari ya pili ataiandikia Tume.

Lililobaki ni letu wenyewe. Anayeuliza hesabu za mwenzake na awe tayari kuulizwa zake. Daftari la chama hiki litaendelea kuwa mezani kila mkutano, na mwanachama yeyote, hata aliyejiunga jana, ana ruhusa ya kulifungua.

Bwana Mwenye Kiti, twaliweka shauri hili mikononi mwa mkutano, na wanaolikubali twaomba wainue mikono.